Ng'ombe wa Maganga Warudi Nkololo

Jumanne asubuhi Luhaga Maganga alikaza nati za gurudumu la nyuma, akaifuta spana kwenye suruali, akaisukuma chini ya kitanda karibu na jeki. Kitanda kilikuwa ndani ya gari. Humo humo mlikuwa na jiko la gesi, pipa la maji, kabati la vyombo, jiwe la kusagia la mkewe, na pazia la maua lililotenga kiti cha dereva na chumba. Gari lenyewe zamani lilikuwa Kosta ya abiria. Luhaga alikuwa fundi gereji. Aling'oa viti vyote isipokuwa viwili vya mbele, akakata, akachomelea, na jioni baada ya jioni, kazi ikiisha, akaligeuza kuwa nyumba. Watoto wa mtaa wao pale Ifakara waliliita nyumba ya matairi.

Hakulitengeneza ili azunguke nalo. Alilitengeneza kwa safari moja. Alitaka kulipeleka kwao Nkololo, wilaya ya Bariadi, aliingize kwenye ngitili ya marehemu baba yake, ayatoe matairi yote, aliweke juu ya mawe, na asiondoke tena. Mkewe Lukresia alitaka hivyo hivyo. Alisema amechoka kupika mahali pa kupanga, na kama jiko lake lazima liwe na injini, basi injini hiyo izimwe kwao.

Ngitili ni malisho yanayofungwa. Mvua zikianza, mnyama haingii humo. Majani yanaachwa yapande hadi kifuani, na kiangazi kikikaza hufunguliwa kwa ng'ombe wa kaya. Ngitili ya mzee Maganga ilikuwa na migunga mikubwa na bonde dogo katikati. Luhaga aliacha shule darasa la nne ili achunge humo, na hakuwahi kujuta, kwa sababu shuleni hakukuwa na kitu kizuri kama siku ya kufungua ngitili. Baba yake aliondoa miiba mlangoni kwa mikono yake mwenyewe. Ng'ombe waliingia wakasimama tu, kama watu walioletewa chakula kingi wasijue waanzie wapi. Halafu ilisikika sauti ya majani kukatwa na midomo yote kwa pamoja.

Mwaka wa ukame mkubwa Maganga aliwaita wanawe wawili akagawa mambo. Danford, mdogo, abaki na ngitili aitunze. Luhaga aende na ng'ombe bonde la kusini, kwenye maji. Ng'ombe wakirudi, ngitili ni yao na ya anayewachunga. Ndivyo ilivyokuwa. Ng'ombe walikaa kusini, wakazaa, na madume yao yaliuzwa kuwasomesha watoto wa Danford. Baadaye ikaja operesheni ya kuondoa mifugo. Ng'ombe wa Maganga walifungiwa kwenye zizi lisilo na maji, wakafa wote, na mahali pale leo ni shamba la mpunga. Luhaga akaingia gereji.

Wiki iliyotangulia safari, dada yao Wilhelmina, aliyeolewa Sapiwi, alipiga simu.

"Kaka, kikao cha ukoo ni Jumamosi. Danford anataka kukata ngitili viwanja. Anasema wewe huna ng'ombe, kwa hiyo huna neno."

"Nitakuja Ijumaa."

"Uje kweli. Nyama ya kikao ikishaliwa, unajua mwenyewe."

Alijua. Katika ukoo wao kikao kilifungwa kwa kula nyama pamoja, na neno lililokwisha kuliwa nyama halikurudishwa na mtu yeyote.

Mpango ulikuwa mwepesi. Jumanne walale Morogoro, Jumatano Singida, Alhamisi Shinyanga, Ijumaa wapite Maswa na Bariadi mchana, waingie Nkololo jua likiwa juu. Lami mwanzo hadi karibu na mwisho. Luhaga aliwasha gari, akaliacha lipate moto, akaachia handibreki. Alikuwa na furaha, na kwa furaha hiyo akafanya kosa. Alipiga mluzi. Ulikuwa mluzi wa kuwatoa ng'ombe zizini, ule mrefu unaopanda mwishoni, aliofundishwa na baba yake kabla hajaota meno ya utu uzima.

Walipopita lile shamba la mpunga, ng'ombe walitoka.

Lukresia aliwaona kwanza, kwenye kioo cha pembeni.

"Baba Kija," alisema, "umewaita mwenyewe."

Luhaga alipunguza mwendo akatazama. Mbele alikuwa Kofia, dume jeusi lenye baka jeupe kichwani. Nyuma yake Redio, ng'ombe jike aliyekuwa akilia bila kuulizwa. Mwishoni kabisa, akichechemea, Bandeji mwenye mguu mmoja mweupe. Kati yao kundi zima. Walikuwa wamekonda kama walivyokuwa siku ile zizini, na vumbi lao lilikuwa lile lile, jekundu, ingawa walikuwa wanatembea juu ya lami.

"Nilijisahau," alisema Luhaga.

"Mtu anajisahau akaacha ufunguo. Wewe umejisahau ukaleta zizi."

Mchana ule walijifunza kwamba ng'ombe waliokufa hutembea haraka kuliko walio hai, lakini si sana. Wanaweza kufuata gari lililo katika mwendo wa thelathini. Zaidi ya hapo wanachoka. Pale Mikumi, barabara inapokatiza hifadhi, ng'ombe hawaruhusiwi. Hawa walipita. Twiga mmoja aliwatazama hadi walipomaliza, akaendelea kula.

Hawakulala Morogoro. Walilala njiani, karibu na kisima. Jumatano vile vile, njiani. Alhamisi jioni, kabla ya Manyoni, askari wa barabarani aliwasimamisha, akazunguka gari, akachungulia kitanda, akatabasamu kwa lile pazia la maua. Kisha akatazama nyuma.

"Wale ni wa kwako, mzee?"

"Ni wa marehemu baba."

"Wana kibali cha kusafirishwa?"

"Wamekufa, afande."

Askari aliwaangalia tena kwa makini zaidi. Redio alilia.

"Basi waweke pembeni," alisema. "Wasizibe magari ya watu."

Ijumaa asubuhi walifika Singida mjini, siku ambayo walipaswa kuwa Nkololo. Lukresia alimimina chai. Chai yenyewe ilikuwa ya rangi.

"Kikao kesho," alisema.

"Najua."

"Kwa mwendo huu tunafika lini?"

"Jumatatu."

"Jumatatu tunakwenda kufanya nini? Kuosha sufuria zao? Kanyaga mafuta, Luhaga. Wamekufa hawa. Hawawezi kufa tena. Wewe ukikosa pa kuweka hii nyumba, tutazeeka kituo cha mafuta."

Alimwita Luhaga tu pale alipokuwa hatanii. Naye aliona mkewe anasema kweli. Alikanyaga mafuta. Kosta ilitetemeka vyombo vyote, ikafika themanini, na kwenye kioo ng'ombe wakawa wadogo, wakawa madoa, wakaisha. Lukresia alifunga mkanda. Walikwenda hivyo hadi vilima vya mwisho vya mji vilipobaki nyuma, na hapo Luhaga akawasikia. Hawakuwa karibu. Walikuwa wamesimama pale pale alipowaacha, katikati ya lami, na Redio alikuwa analia kama alivyolia zizini siku ya tatu, wakati ndoo ilipopitishwa nje ya uzio ikaenda kwa farasi wa mkubwa mmoja.

Luhaga aliegesha pembeni. Alikaa na mikono juu ya usukani.

"Niliwahi kuwaacha mara moja, kule zizini," alisema.

Lukresia alifungua mkanda.

"Geuza gari basi. Unangoja nini?"

Waliwakuta wengine wamelala barabarani. Malori yalikuwa yanapita katikati yao na madereva walikuwa wanapiga honi kwa adabu tu. Luhaga alishuka, akampiga Kofia kofi begani kama zamani, na bega lilikuwa la baridi kama bati la alfajiri. Kundi likasimama.

Jioni hiyo, kwenye eneo la wazi nje ya mji, Redio alikuja mwenyewe mlangoni mwa gari akageuka ubavu. Lukresia alimtazama, akachukua sufuria, akaosha mikono. Chuchu zilikuwa baridi. Maziwa yalitoka. Aliyaweka kwenye moto wa gesi, yakakataa kuchemka, yakabaki yanazunguka taratibu kwenye sufuria hadi aliposhindwa akayatia kwenye chai hivyo hivyo.

Luhaga alikunywa, akaacha kikombe mdomoni. Maziwa yalikuwa na ladha ya moshi. Ilikuwa ladha ya kibuyu kilichosafishwa kwa kaa la moto, kile cha mama yake kilichoning'inia nyuma ya mlango wa nyumba iliyoanguka kabla ya yeye kuondoka Nkololo. Lukresia naye aliitambua. Aliletwa nyumba ile akiwa bibi harusi wa siku mbili, na kitu cha kwanza alichopewa na mama mkwe kilikuwa kile kibuyu. Aliambiwa, "Mayu," yaani mama, "shika, hii sasa ni kazi yako." Ng'ombe wa kwanza kukamuliwa naye alikuwa Redio.

Alimaliza chai yake. Akamimina nyingine.

"Tutakwenda mwendo wao," alisema. "Na huko mbele utafute maji. Nzega na Shinyanga lami tupu, watakunywa nini?"

Hakukuwa na haja ya kutafuta. Asubuhi ya Jumamosi, kwenye njia panda, ng'ombe hawakwenda upande wa Nzega. Kofia alishika barabara ya Iguguno na wengine wakamfuata, kwa sababu ndiyo njia waliyokuja nayo mwaka wa ukame, wakati mto Sibiti ulivukwa kwa miguu na mtu alishika mkia wa dume ili asichukuliwe na maji. Luhaga aliwafuata kwa gia ya pili. Sasa walikuwa wao mbele na gari nyuma, na mpango wote alioupanga Ifakara ulikuwa umekwisha.

Alisimama palipokuwa na mtandao akampigia dada yake.

"Wilhelmina, tumebadilisha njia. Tunapita Sibiti, tutokee Meatu."

"Mara ya ngapi hii? Watu wamekaa! Mbuzi yuko kwenye kamba! Kaka, utakuja lini wewe?"

"Jumatatu. Waambie wasile nyama. Waambie nakuja na ng'ombe."

"Ng'ombe gani?"

"Wa baba."

Nyuma ya dada yake zilisikika sauti za wanaume na mtu mmoja akicheka.

"Redio yupo?"

"Yupo."

"Na Bandeji?"

"Yupo. Bado anachechemea."

"Haya," alisema Wilhelmina, na sauti yake ilikuwa imepungua. "Ngoja niwaambie."

Sibiti siku hizi ina daraja. Luhaga alipita juu yake na gari. Ng'ombe walipita chini, ndani ya mto, kama walivyozoea, na walipopanda ukingo wa pili hawakuwa wamelowa, ila hawakuwa wamekonda tena. Mbavu zilikuwa zimefunikwa. Lukresia alisema afadhali, asingependa majirani waseme wamewanyima majani. Kutoka hapo nchi ilianza kufanana na nchi. Ardhi nyeusi inayonata, mashamba ya pamba yaliyokwisha kuvunwa, wazee kwenye baiskeli. Watu waliwaamkia kwa Kisukuma, "Mwadila," na Luhaga akaitika kabla hajafikiri. Ipililo walinywesha kwenye lambo. Wachungaji waliokuwa pale waliwasogeza ng'ombe wao wakapisha. Mmoja aliuliza ng'ombe hawa ni wa nani, akaambiwa ni wa Maganga wa Nkololo, akasema aliwahi kuwasikia, na kwamba dume lile jeusi ni zuri kuliko alivyoambiwa.

Waliingia Nkololo Jumatatu mchana.

Watu walitoka majumbani. Hakuna aliyekimbia. Wanawake waliowajua ng'ombe wale waliwaita kwa majina, na Wilhelmina, ambaye hakurudi Sapiwi, alimshika Bandeji shingoni akaacha kipaji cha uso wake pale kwa muda. Mzee Mayige, mdogo wa marehemu Maganga na mwenyekiti wa kikao, alikuja na fimbo yake akamzunguka Kofia polepole.

"Ndiye," alisema. "Huyu alinivunja mbavu."

"Shikamoo, baba mdogo," alisema Luhaga.

"Marahaba. Umechelewa."

"Dada hakuwaambia?"

"Alituambia. Hatukumkatalia. Tulijadili. Tukauliza, hao ng'ombe wana hereni? Siku hizi ng'ombe asiye na hereni ya sikio hahesabiwi popote. Dada yako akasema walikufa kabla ya mambo ya hereni. Tukaona hapo pagumu. Na jua lilikuwa linazama, na mbuzi ameshachinjwa."

"Mkala."

"Tukala."

Danford alikuwa amesimama kwenye mlango wa ngitili. Hakukuwa na mlango. Miiba ilikuwa imeondolewa, migunga imekatwa, na ndani vigingi vilivyopakwa rangi nyekundu vilikuwa vimesimama kwa mistari hadi bondeni. Udongo ulikuwa mtupu. Upande wa kushoto trekta lilikuwa limekwisha kulima kwa ajili ya pamba yake.

"Karibu nyumbani, kaka," alisema. "Shemeji, karibu. Ng'ombe nimewaona. Wamependeza kweli."

"Baba alisema wakirudi, ngitili ni yao."

"Alisema. Nilikuwepo. Lakini nyama imeliwa, kaka. Hata mimi leo nikitaka kurudisha, nitairudishaje? Na viwanja vina wenyewe, walilipa hata kabla ya kikao."

Aliyasema bila ubaya, na hilo ndilo lilikuwa baya. Watoto wake, wale waliosomeshwa, walikuwa wamemaliza vyuo na mmoja alikuwa ndiye aliyepima viwanja.

Ng'ombe hawakungoja waelewane. Kofia aliingia, kundi likafuata, wakasimama kidogo kama zamani, kama hawajui waanzie wapi. Halafu waliinamisha vichwa. Hawakuinamisha hadi chini. Vichwa vilisimama usawa wa kifua cha mtu, mahali majani yalipokuwa yakifika, na midomo ikaanza kufanya kazi juu ya hewa tupu. Ile sauti ikasikika, ya majani kukatwa na midomo yote kwa pamoja. Watu wote waliokuwa pale waliisikia. Mzee Mayige alivua kofia yake. Danford naye alisikiliza hadi mwisho, na macho yalimlowa, kwa sababu alikuwa mtoto wa Maganga kama mwenzake. Kisha alipangusa macho akamwonyesha Luhaga mahali pa kuegesha, nje ya kigingi cha mwisho, kando ya barabara.

"Kwa muda," alisema. "Msije mkaweka mawe."

Sasa nyumba zimejengwa. Ni nzuri, za bati la rangi, na mchana ng'ombe wa Maganga hula ndani yake. Mwalimu mmoja aliyenunua kiwanja cha bondeni amezoea kumzunguka Kofia anapokwenda chumbani, na mkewe huning'iniza nguo juu zaidi, maana Redio hupenda kutafuna mashuka, ingawa hayachaniki. Anayeuza kiwanja humwambia mnunuzi mapema kwamba kuna ng'ombe sebuleni, na mnunuzi huuliza kama kuna umeme. Hakuna anayebisha kwamba pale ni malisho ya Maganga. Wote wanalijua hilo, na wote wana nyumba zao.

Pamba ya Danford hustawi kama ya wengine. Jioni watoto wa majirani huja na vikombe kwenye Kosta, Lukresia huwapa maziwa baridi yenye ladha ya moshi, nao hunywa wakiwa wamesimama. Danford alianza kwa kutuma kikombe. Siku hizi huja mwenyewe, hukaa kwenye ngazi ya gari, hunywa bila haraka na husema hakuna maziwa kama haya, na ni kweli.

Kila Jumamosi Luhaga hutoa pampu na kujaza upepo. Gari lililosimama hula matairi kuliko linalotembea, na haya hajaruhusiwa kuyatoa. Akishika pampu, kundi lote huinua vichwa, madirishani na milangoni, wakimtazama mdomo.

Jumamosi moja Danford alikuwepo. Mnunuzi wa kiwanja cha mwisho alikuwa amelalamika kidogo kuhusu kelele za Redio. Danford alizungusha kikombe mkononi.

"Kaka, zamani ulikuwa hufungi mdomo. Siku hizi hata mluzi hupigi?"

Luhaga alihamisha pampu kwenye gurudumu linalofuata.

"Sina safari," alisema.